Mto ukikauka Ruaha, viti hutikisika Dodoma

Februari 7, 2008, Bunge mjini Dodoma lilishuhudia jambo ambalo Tanzania haikuwa imelizoea. Waziri Mkuu Edward Lowassa alisimama, akalalamika kwamba hakupewa nafasi ya kusikilizwa, kisha akatangaza kuwa amemwandikia Rais barua ya kuomba kujiuzulu. Kamati teule iliyoongozwa na Dk Harrison Mwakyembe ilikuwa imewasilisha ripoti yake kuhusu mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond. Mawaziri wawili waliowahi kuiongoza Wizara ya Nishati, Nazir Karamagi na Dk Ibrahim Msabaha, nao wakaachia ngazi, na Rais Jakaya Kikwete akaunda upya Baraza la Mawaziri.

Richmond imebaki vichwani mwa watu kama kisa cha mikataba na siasa. Lowassa aliendelea kukana makosa, na mwaka 2015 alihamia upinzani, akagombea urais na kupata karibu asilimia 40 ya kura. Chama tawala hakikuwa kimewahi kubanwa kiasi hicho katika sanduku la kura. Yote hayo yameandikwa na kuchambuliwa. Kinachosahaulika ni kwamba mkataba wa dharura hauwezi kuwapo pasipo dharura, na dharura ya mwaka 2006 ilikuwa maji.

Wakati huo zaidi ya nusu ya umeme wa nchi ulitoka kwenye mabwawa. Mvua zilikuwa zimekataa, na Mtera, bwawa kubwa linalohifadhi maji ya Mto Ruaha Mkuu, lilishuka kuelekea mita 690 juu ya usawa wa bahari, kiwango cha chini ambacho mitambo inaruhusiwa kuendeshwa. Mtera yenyewe huzalisha megawati 80, na maji yakitoka hapo hushuka kwenda Kidatu kuzalisha megawati nyingine 204. Mtera ikikauka, zote mbili huzimika. Nchi ikaingia kwenye mgawo mkali wa umeme, viwanda vikasimama, na Serikali ikaanza kuwatafuta wenye majenereta.

Ukipanda na mto huo kutoka Mtera, ukapita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, unafika Usangu. Huko ndiko kinakoonekana wazi kitu ambacho wakuu wetu hukitaja kwa maneno makubwa kama vile "usalama wa taifa" na "mabadiliko ya tabianchi": watu wengi kuliko jana, maji machache kuliko jana, na uamuzi wa nani apishe nani.

Bonde lililobebeshwa lawama

Bonde la Usangu, wilayani Mbarali mkoani Mbeya, hupokea mito inayoteremka kutoka nyanda za juu za Kipengere na Uporoto. Mito hiyo hutambaa kwenye tambarare, hukutana katika ardhi oevu ya Ihefu, kisha maji hupenya kwenye mwamba wa Ng'iriama na kuanza safari ya Ruaha Mkuu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 mto huo ulitiririka mwaka mzima. Mwaka 1993 ukakauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, na tangu hapo umekuwa ukikauka karibu kila mwaka, wakati mwingine kwa wiki, wakati mwingine kwa miezi. Mwaka 2022 ulikatika kwa zaidi ya siku 100, viboko wakabanana kwenye madimbwi ya tope.

Katika miongo hiyohiyo Usangu ilikuwa imejaa. Wasangu walikuta wageni wakimiminika kutoka kila upande: wakulima kutoka Njombe, Makete na Kyela waliofuata mpunga, Wasukuma waliohama na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa tangu miaka ya 1970, Wamaasai na Wabarabaig waliosukumwa kutoka kaskazini. Serikali nayo ilifungua mashamba makubwa ya mpunga ya Mbarali na Kapunga, ambayo baadaye yalibinafsishwa. Kandokando ya mashamba hayo wakulima wadogo walijenga mabanio yao na kuchimba mifereji yao. Mchele wa Mbeya ukapata jina katika masoko ya Dar es Salaam.

Mto ulipoanza kukauka, kidole kilielekezwa kwa ng'ombe. Mwaka 1998 eneo la Ihefu liliwekwa chini ya Pori la Akiba Usangu. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi mbele ya dunia kwamba ifikapo 2010 Ruaha Mkuu utakuwa umerudi kutiririka mwaka mzima. Ulipofika mwaka 2006, taa zikiwa zimezimika, Ofisi ya Makamu wa Rais ilitoa mkakati wa hatua za haraka za kuhifadhi ardhi na vyanzo vya maji, na tangu Mei mwaka huo operesheni ya kuwaondoa wafugaji Usangu ikaanza. Ng'ombe zaidi ya laki mbili waliswagwa au kupakiwa kwenye malori na kuelekezwa mikoa ya Lindi na Pwani. Wengi walikufa njiani. Wafugaji walilalamikia faini zisizo na stakabadhi na mifugo kuuzwa kwa bei ya kutupa. Malalamiko yalifika bungeni na kwa Rais, hadi ikaundwa tume ya kuchunguza jinsi operesheni hiyo ilivyoendeshwa.

Lakini watafiti waliopima maji ya bonde hilo mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa wamekuta jambo jingine. Maji ya kiangazi, yale machache yanayotakiwa kuuvusha mto hadi mvua za Novemba, yalikuwa yakiishia zaidi kwenye mifereji ya umwagiliaji. Mabanio yaliachwa wazi hata mpunga ulipokuwa umeshavunwa, maji yakaenda kukaukia mashambani. Zaidi ya hapo, Mtera hujazwa kwa kiasi kikubwa na mafuriko ya masika, wala haitegemei mchirizi wa Septemba. Namna mabwawa yalivyoendeshwa, maji yakifunguliwa kwa wingi miaka ya neema, ilichangia upungufu wa maji ya Mtera kuliko kwato za ng'ombe. Ng'ombe hawakuwa malaika: walikanyaga ardhi oevu na walizidi uwezo wa malisho. Hata hivyo, kuwaondoa hakungeweza kuurudisha mto, na hakukuurudisha. Mwaka 2008 Pori la Usangu liliunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Mwaka 2010 ukafika na kupita. Mto uliendelea kukatika.

Mgogoro nao ukabaki. Mipaka mipya ya hifadhi iliyachukua maeneo ya vijiji vya Mbarali ambavyo wakazi wake walikuwa na ofisi, shule na zahanati. Mvutano huo ulidumu zaidi ya miaka 15. Ulifika hadi Washington: Aprili 2024 Benki ya Dunia ilisitisha kutoa fedha za mradi wa utalii wa kusini wa dola milioni 150 kutokana na malalamiko ya wanavijiji, na Novemba mwaka huo mradi ukafutwa.

Ng'ombe hawakuyeyuka

Waliotoka Ihefu hawakwenda hewani. Walifika Rufiji, Kilwa na Liwale. Wengine walikatisha safari na kujichimbia bonde la Kilombero. Sehemu kubwa ya Lindi na Pwani ilikuwa haijawahi kuwa na makundi makubwa ya ng'ombe, kwa sababu ya mbung'o na kwa sababu wenyeji walikuwa watu wa mihogo, minazi, mikorosho na ufuta. Majosho yalikuwa machache, malambo hayakuwapo, njia za mifugo hazikuwa zimepimwa. Mfugaji aliyefukuzwa kwa jina la mazingira aliwasili kijijini bila malisho yaliyotengwa, na mkulima aliamka akakuta ufuta wake umeliwa. Baada ya muda mfupi, habari za mapigano zilizozoeleka kutoka Morogoro na Manyara zikaanza kutoka Lindi.

Hapo ndipo ilipo hoja ya makala haya. Watu wakiongezeka na mazingira yakachoka, kila nchi hupata mvutano. Mvutano huo hugeuka hatari kwa dola pale dola inapokuwa na dawa moja tu, yaani kuhamisha. Ukimwondoa mtu sehemu moja bila kuamua atakaa wapi kihalali, umeusafirisha ugomvi, na huko unakokwenda utakutana na watu ambao hawajauandalia chochote.

Hesabu isiyosubiri

Wingi wenyewe si wa kupuuzwa. Sensa ya 1967 ilihesabu Watanzania milioni 12.3. Ya 2012 ilihesabu milioni 44.9. Ya Agosti 2022 ikakuta watu 61,741,120, ongezeko la asilimia 3.2 kila mwaka katikati ya sensa hizo mbili za mwisho. Kwa mwendo huo idadi hujizidisha mara mbili katika kipindi cha miaka kama 22. Karibu nusu ya Watanzania hawajafika miaka 18. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mwanamke mmoja huzaa kwa wastani watoto 4.8. Idadi hiyo inashuka, ila polepole.

Mifugo nayo haikubaki nyuma: ng'ombe peke yao wamepita milioni 35. Takwimu za Serikali zinaonyesha tunapoteza misitu ipatayo hekta 469,000 kila mwaka, sehemu kubwa kwa mashamba mapya na mkaa. Zaidi ya kaya nane katika kila kumi bado zinapika kwa kuni au mkaa, ndiyo maana mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa kuhamishia asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Dar es Salaam, yenye watu milioni 5.4 katika sensa ya 2022, ilionja mwaka huohuo ladha ya mambo yajayo: Ruvu ilipungua kiasi kwamba Oktoba na Novemba maji yaligawiwa kwa zamu.

Kwa takwimu kama hizi ni rahisi kumrudia kasisi Mwingereza Thomas Malthus, aliyeandika mwaka 1798 kwamba watu huongezeka kwa kasi kuliko chakula, na njaa na vita ndivyo hurekebisha hesabu. Mwaka 2007 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Ban Ki-moon, naye aliandika kwamba vita vya Darfur vilianza kama mgogoro wa mazingira, uliotokana kwa sehemu na mabadiliko ya tabianchi. Wapo wasomi waliompinga wakisema ukame haukuwapa wanamgambo silaha. Walizipata kwa watawala wa Khartoum. Ubishi huo hatuna haja ya kuufuata hadi Sudan. Tunao wetu Kilosa.

Kilosa: refa asiyeaminika

Desemba 8, 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika shambulio la wafugaji dhidi ya wakulima. Siku zilizotangulia wakulima walikuwa wamekamata mifugo iliyodaiwa kuingia mashambani. Tanzania iliyojiita kisiwa cha amani iliamka ikahesabu maiti kwa makumi, na sababu iliyotolewa haraka ilikuwa ileile: ardhi haitoshi.

Watafiti Tor Benjaminsen, Faustin Maganga na Jumanne Abdallah waliichunguza Kilosa na kuchapisha matokeo yao mwaka 2009. Walikuta wilaya ambayo ardhi yake ilikuwa imegawanywa kwa maamuzi ya miongo mingi: mashamba ya mkonge ya tangu ukoloni, mengi yakiwa yametelekezwa, ranchi ya taifa ya Mkata, na Hifadhi ya Mikumi iliyotangazwa mwaka 1964. Vijiji vichache vilitengwa kwa wafugaji, navyo kwa sehemu ya mwaka havikuwa na maji wala majani ya kutosha. Mfugaji ilimlazimu kushuka mabondeni wakati wa kiangazi, na mabonde hayo ndiyo mkulima aliyokuwa akiyapanua kwa mahindi na mpunga. Pande zote mbili ziliwasimulia watafiti hadithi inayofanana kuhusu rushwa: mfugaji hutoa ili mifugo yake iachiwe, mkulima hutoa ili kesi yake isikilizwe, na mwamuzi hana sababu ya kutaka ugomvi uishe. Mwenye shamba lililoliwa anapojua kuwa polisi na baraza havitamsaidia, hujipanga na wenzake na mapanga. Mwenye ng'ombe waliokamatwa hufikiri vivyo hivyo.

Ndiyo maana wilaya mbili zenye uhaba sawa zinaweza kuwa na historia tofauti kabisa. Kinachotangulia damu ni mlolongo wa maamuzi madogo yaliyonunuliwa au kuahirishwa: mpaka wa kijiji usiowekewa alama, mkutano wa hadhara ulioishia kwa ahadi, hukumu ya mahakama isiyotekelezwa. Kiteto mkoani Manyara ilipita njia hiyohiyo. Wakulima na wafugaji waligombea eneo la hifadhi ya jamii la Emboley Murtangos kwa miaka, kesi zikapanda ngazi za mahakama, na Januari 2014 watu kadhaa wakauawa huku kesi zikiwa zimeshaamuliwa lakini utekelezaji ukisuasua.

Bunduki ilipopelekwa kuhesabu ng'ombe

Siasa za kitaifa zilikuwa zimeguswa tena miezi michache kabla ya mauaji hayo ya Kiteto. Oktoba 2013 Serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza dhidi ya majangili waliokuwa wakimaliza tembo. Lengo lilikuwa halali, na tembo walikuwa wanaisha kweli. Lakini wanajeshi, polisi na askari wa wanyamapori walipoingia maporini waliwakuta wafugaji, wengi wao wakiwa ni walewale waliokwishahamishwa kutoka sehemu nyingine. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na James Lembeli ilirudi na taarifa za watu kuuawa, kuteswa na kudhalilishwa, na mifugo kupigwa risasi. Desemba mwaka huo mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao kwa siku moja: wa Maliasili na Utalii, wa Mifugo, wa Mambo ya Ndani na wa Ulinzi.

Tazama wizara hizo nne. Pori, ng'ombe, polisi, jeshi. Huo ndio mpangilio wa utawala wetu wa ardhi kwa muda mrefu: wa kwanza anachora mpaka wa hifadhi, wa pili anahimiza ufugaji, na wawili wa mwisho huitwa pale wa kwanza na wa pili waliposhindwa kuelewana. Hata wilayani, mgogoro wa malisho ukikolea hupelekwa kwenye Kamati ya Usalama inayoongozwa na mkuu wa wilaya kabla haujapata mpimaji wa ardhi. Kinachohitaji ramani hupewa gari la polisi.

Mwaka 2019 Rais John Magufuli alijaribu njia nyingine. Alisitisha kuondolewa kwa vijiji vilivyodaiwa kuwa ndani ya hifadhi na kuunda kamati ya mawaziri wanane. Kati ya vijiji na mitaa 975 iliyokuwa kwenye mgogoro, 920 iliruhusiwa kubaki. Wananchi walipumua. Wahifadhi waliuliza swali lao, nalo lilikuwa la haki: kijiji kinachobaki leo na watu 2,000 kitakuwa na wangapi baada ya miaka 20, na nani atakizuia kusogea? Ruhusa ya kubaki ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili, ya kupanga kila kijiji kilichobaki kitumie ardhi yake namna gani, huenda polepole na haina kamera za televisheni.

Shinyanga ilipoamua kubaki

Wapo wanaodhani kuwa mfugaji wa Kisukuma huhamahama kwa asili. Historia yake inasema vingine. Msukuma alikuwa na ngitili, eneo la majani lililofungwa masika ili ng'ombe wapate chakula kiangazi. Misitu ya Shinyanga ilifyekwa kuua mbung'o tangu enzi za Waingereza, kisha ikafyekwa kupisha pamba. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawakusanya watu mbali na ngitili zao, na nyingi zikapotea. Udongo ukakonda, kuni zikaadimika, na wenye makundi makubwa wakaanza kushuka kusini. Safari iliyoishia Ihefu, na baadaye Lindi, ilianzia hapo.

Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alitembelea mkoa huo na kushtushwa na jinsi ulivyokuwa ukigeuka jangwa. Miaka miwili baadaye ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama Hashi. Maofisa wake walianza kwa kusambaza miche, kisha wakagundua kwamba wenyeji wana njia yao. Ngitili zikafufuliwa, zikilindwa na sheria ndogo za vijiji na dagashida, mabaraza ya jadi. Kutoka hekta zipatazo 600 mwaka 1986, maeneo hayo yalipita hekta 300,000 kabla mradi haujafungwa mwaka 2004. Watu wa Shinyanga hawakupungua katika miaka hiyo. Waliongezeka, na miti ikaongezeka pamoja nao. Mwaka 2002 Hashi ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Kenya ina kisa kinachofanana. Katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliiona Machakos kama nchi inayokufa, ardhi yake imechimbwa na makorongo. Kufikia 1990 watu wa wilaya hiyo walikuwa wameongezeka takribani mara tano, na utafiti wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki ulionyesha kuwa mmomonyoko ulikuwa umepungua. Wakamba walijenga matuta ya fanya juu kwa mikono yao kwa sababu shamba lilikuwa lao, barabara ya Nairobi ilikuwa karibu, na kahawa na mboga vilikuwa na mnunuzi. Mtu haweki jasho lake katika ardhi ambayo anahofia kuondolewa kesho.

Mtihani wa Kilombero

Haya yote yangekuwa mafunzo ya historia kama si bwawa la Julius Nyerere. Mitambo yake tisa pale Rufiji ina uwezo wa megawati 2,115, zaidi ya mara saba ya Mtera na Kidatu zikijumlishwa. Mtambo wa kwanza ulianza kazi Februari 2024. Mgawo wa umeme uliokuwa umerudi ukasahaulika. Maji ya bwawa hilo yanatoka wapi? Ruaha Mkuu, pamoja na kelele zake zote, huchangia asilimia 15 hivi ya maji ya Rufiji, na Mto Luwegu kama asilimia 18. Karibu theluthi mbili hutoka bonde la Kilombero.

Na Kilombero leo inafanana mno na Usangu ya miaka ya 1980. Kuna miwa na kiwanda kinachopanuka, kuna mpunga, kuna misaji, na kuna wafugaji waliokuja kwa mawimbi, sehemu yao wakiwa wametokea Ihefu. Mwaka 2012 operesheni ya kuondoa mifugo ilifika huko pia, na mifugo ikarudi. Mwaka 2023 Pori Tengefu la Kilombero lilipandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba, mashamba na vijiji vikijikuta karibu na mpaka au ndani yake. Tofauti ni uzito wa kinachotegemea maji hayo. Ruaha ilipoyumba mwaka 2006, ilibeba megawati chini ya 300. Kilombero ikiyumba, reli ya umeme, viwanda na miji vitayumba nayo. Hakuna kambi ya jeshi iliyo muhimu kwa usalama wa nchi hii kuliko majaruba ya Mlimba na malisho ya Malinyi.

Dawa zinajulikana na baadhi ziko kwenye vitabu vya sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 zinakipa kila kijiji mamlaka ya kutenga mashamba, malisho, misitu na njia za mifugo, na kumpa mwananchi hati ya hakimiliki ya kimila. Nchi ina vijiji zaidi ya 12,000, na vyenye mpango kamili bado ni chini ya nusu. Sababu inayotajwa kila mwaka ni bajeti. Lakini mipango hiyo inapofanya kazi, inafanya kazi hata kwenye majeraha. Katika Kiteto hiyohiyo ya mapigano, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao yenye zaidi ya hekta 20,000 na kuyaita Olengapa, kwa sheria ndogo za pamoja na hati mkononi. Ng'ombe wa kijiji kimoja hupita kwenye ardhi ya kingine kwa makubaliano yaliyoandikwa.

Upande wa idadi ya watu, kazi kubwa haifanywi na hotuba za kuwaambia watu wazae au wasizae. Hufanywa na msichana anayebaki shuleni na zahanati yenye dawa za uzazi wa mpango muda wote. Waraka wa Novemba 2021 ulioruhusu wanafunzi waliopata ujauzito kurudi masomoni unaweza kupunguza msongamano wa mabonde ya mwaka 2045 kuliko operesheni yoyote, kwa kuwa mama aliyesoma huzaa kwa kuchelewa na kwa kupanga. Na upande wa maji, mita kwenye banio linalofungwa baada ya mavuno ni nafuu kuliko mkataba wowote wa majenereta.

Sensa ijayo inatarajiwa mwaka 2032. Tukiongezeka kwa kasi ya sasa, itatukuta tumepita milioni 80. Kabla ya hapo kutakuwa na bajeti kadhaa na angalau mwaka mmoja mbaya wa mvua. Wabunge watakaokaa Dodoma kupitisha bajeti hizo wana kipimo chepesi cha kujua kama Serikali imejifunza: waweke fungu la kupima na kupanga ardhi ya vijiji vya Kilombero, Mbarali na Kilwa kando ya fungu la operesheni za kuondoa watu na mifugo, na waulize ni lipi kubwa. Wakikuta la pili, wajue ni bonde gani linalofuata kupokea malori.